Piano Ndogo Inakuja

Hakuna mtu Uvira aliyewahi kuiona Ndogo, lakini wapiga piano wote wa mji waliijua kwa sura na kwa tabia. Walikuwa kama kumi na watano hivi, kila mmoja na kanisa lake, na kwenye simu zao walikuwa na kundi lisilojua kunyamaza. Picha ya kwanza aliituma Toussaint, mpiga piano wa Rugenge, mwezi wa kumi na mbili. Alisema ameipata kwa mtu wa Bujumbura, au Buja kwa kifupi, ambaye naye aliipata kwa mtu wa Dubai. Ilionyesha kitu cheusi juu ya meza, nusu yake imefunikwa na kidole cha mpiga picha. Kwa nusu iliyobaki walibishana wiki sita.

Kubwa waliijua vizuri. Kubwa ilikuwa ile piano ya umeme ya bei ya kuogopesha, yenye vibonyezo themanini na nane na sauti zaidi ya elfu moja, kuanzia filimbi hadi ngoma za harusi. Mjini ilikuwepo moja tu, mali ya kanisa dogo la Mulongwe lililoipata kwa wahisani wa mbali. Sasa ilisemekana kampuni inayoitengeneza itatoa mdogo wake: sauti zilezile, mwili wa plastiki, vibonyezo sitini na kimoja, bei nusu. Mmoja akasema ni dola mia tisa. Mwingine akasema mia saba, ila haitakuwa na kioo cha kugusa. Wa tatu akasema kioo kitakuwepo, ila bila rangi. Kilichowanyima raha wote ni kama Ndogo itakubali midundo waliyoitengenezea piano nyingine na kuihifadhi kwenye flashi miaka na miaka. Toussaint aliapa kwamba itakubali. Hakuna aliyemuuliza anaapa kwa ushahidi gani.

Claudette hakuwa mpiga piano, lakini hakuwa na pa kuikimbilia habari hiyo, kwa sababu aliyeipiga Kubwa ni mumewe, Sévère. Ndogo ililetwa mezani kila siku pamoja na ugali na ndagala. Haikupita miezi miwili, Claudette akawa anaifahamu kuliko alivyowafahamu mashemeji zake. Kwa upande wake, kitu kinachosifiwa namna hiyo na hakijashikwa na mtu yeyote alikiona kama mchumba wa kwenye simu, na alisubiri siku kitakapoomba nauli.

Hofu ilimwingia pale Sévère alipoacha kuisifu Ndogo akaanza kuihurumia Kubwa.

"Ndogo ikifika Buja, hii yetu itaanguka bei," alimwambia siku moja wakila. "Leo iko mutu Kamanyola anatoa elfu moja na mia tano. Nkeshimana, ule mufanyabiashara. Kesho hatatoa hata mia nane."

"Hii yetu?" Claudette akauliza. "Yetu na nani?"

Sévère akacheka, akasema yetu ya kanisa. Lakini neno lilikuwa limeshamtoka, na Claudette aliliokota akaliweka.

Kubwa ililala nyumbani kwao. Kanisa lilikuwa na mlango wa bati ambao hata mbuzi angeusukuma, kwa hiyo tangu zamani kila mpiga piano alilala na piano ya kanisa, na kanisa likampa nyumba ya kulala nayo. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili karibu na mto, na mto ulishaitembelea mara mbili, lakini haikuwa na kodi. Sévère hakuwa na mshahara mwingine zaidi ya nyumba hiyo na vijisenti vya harusi. Aliyeondolewa kwenye piano aliondolewa na kwenye nyumba. Hilo kila mtu alilijua bila kuandikiwa.

Mwezi wa kwanza Sévère akalipeleka wazo lake mbele ya kamati ya kanisa. Claudette alikuwepo, maana ilikuwa zamu yake ya kuwaletea wazee chai. Mumewe alieleza vizuri, hilo hakumnyima: wamuuzie Nkeshimana Kubwa sasa, waazime piano yoyote hadi Pasaka, wanunue Ndogo, na pesa zitakazobaki zinunue mabati. Mwenyekiti, Mzee Octave, alikuwa fundi cherehani mstaafu ambaye hakuamini hata mvua mpaka alowe. Alimwacha amalize.

"Hii kitu unasema, nani ameiona?"

Sévère akatoa simu. Ikazunguka mkono kwa mkono. Mzee Octave aliigeuza juu chini, akavaa miwani, akaivua.

"Minye naona kidole," akasema.

Wazee wakacheka. Sévère akacheka nao, ila masikio yalimwiva. Octave hakuwa amemaliza. Alitaka kujua inakuwaje kitu kisichoonekana kikapunguza bei ya kitu kinachoonekana. Alitaka kujua pia huyo Nkeshimana alijuaje kwamba kanisa lina piano ya kuuza, wakati kanisa lenyewe ndiyo kwanza linasikia. Kwa swali hilo la pili Sévère alijikanyagakanyaga. Wazo likakataliwa, na katibu akaambiwa aandike kwenye daftari kwamba Sévère ameomba kuuza piano na amekatazwa.

Njiani Sévère alisema wazee watakuja kulia bei ikishaanguka. Claudette alibeba thermos yake akiligeuza kichwani lile swali la pili la Mzee Octave.

Kisha vita ikashuka kutoka kaskazini. Ilisemwa Bukavu, halafu ikasemwa Kamanyola, halafu watu wa tambarare wakaanza kupita na magodoro kichwani. Nyuma yao wakaingia askari waliokuwa wakikimbia vita na wao, wenye njaa na hasira. Milio ya risasi ilianza asubuhi upande wa soko. Claudette akawavalisha watoto watatu, Eliane na wadogo zake, nguo mbilimbili na kusema wanakwenda Makobola kwa dada yake.

"Mwende," Sévère akasema. "Minye nabakia na piano."

"Piano iko na roho? Itakufa?"

"Nikienda ikapotea, Mzee Octave atasema nini?"

"Na ukikufa, minye nitasema nini?"

Alitembea na watoto hadi Makobola akilia kwa hasira, si kwa woga, kwa sababu mume alikuwa amepewa nafasi ya kuchagua kati yake na mali ya kanisa, na alichagua upesi.

Walikaa huko siku nne. Milio ilipotulia aliwaacha watoto kwa dada akarudi peke yake. Mtaa mzima milango ilikuwa imelala chini. Mlango wao ulisimama, na kufuli lake halikuwa na hata mkwaruzo. Ndani sufuria zilikuwepo, godoro lilikuwepo, redio ilikuwepo juu ya kabati. Stendi ya piano ilisimama tupu. Sévère alikuwa ameketi kando yake, mzima, hana hata mchubuko. Claudette alifurahi mpaka akashika ukuta. Furaha ilipotulia, akaangalia tena lile kufuli.

"Baliichukua," Sévère akasema.

"Banani? Basoda bale ba bunduki?"

Akatikisa kichwa kwa namna ambayo haikuwa ndiyo wala hapana. "Mama Eliane, usiniulize majina. Ukiyajua yatakufuata."

"Na mulango?"

"Nilifungua minye."

Claudette akaitazama redio. Hakuwahi kusikia wezi wanaoacha redio.

Siku iliyofuata alipeleka simu ya mumewe ichajiwe kwa jirani mwenye sola, na ilipowaka mkononi mwake akasoma. Ujumbe ulikuwa wa Nkeshimana, wa siku ya kwanza ya milio. Alisema anatoroka Kamanyola, kesho yake atapita Uvira kwenda Buja, na ile elfu moja na mia tano iko mfukoni. Mwishoni aliuliza, "Ile Kubwa ingali iko?" Chini yake hapakuwa na jibu. Hapakuwa na jibu, au jibu lilikuwa limefutwa. Claudette alisimama pale jirani akimwangalia, simu mkononi, kisha akairudisha kwenye waya na kusema asante.

Hakumuuliza mumewe. Alianza kumpeleleza. Alipekua mifuko ya suruali zake, akainua godoro, akachovya mkono hadi kiwiko kwenye debe la unga. Kutokukuta kitu hakukumtuliza hata kidogo. Kulimwonyesha tu kwamba mume aliyemdhania mnyofu anajua kuficha. Sévère aliposema hana pesa ya makaa, Claudette alimtazama machoni akisubiri yapepese. Alimpakulia chakula, akamuuliza kama chumvi imetosha, na moyoni akawa anamhesabia uongo.

Mtaa haukuhitaji kupeleleza, ulishahukumu. Siku Claudette alipopanga foleni ya maji, mama mmoja wa kwaya alimuuliza kwa sauti tamu kama ile Ndogo yao imeshafika Buja. Wengine wakainama kuangalia ndoo zao. Muuza makaa aliyekuwa akimkopesha tangu Eliane ana meno mawili akamwambia leo hakopeshi, kisha akamkopesha aliyesimama nyuma yake. Na kwenye lile kundi la simu, Sévère alitolewa bila neno. Toussaint, aliyeapa kwa jina la Mungu, sasa aliwaambia watu kwamba picha ile hakuwahi kuiamini, na kwamba Sévère ndiye aliyekuwa akiikuza habari ya Ndogo, na kumbe alikuwa na lake.

Hilo ndilo lililomkaba Sévère. Watu wengi waliporwa wiki ile, na hakuna aliyeulizwa. Lakini yeye peke yake alikuwa amesimama mbele ya kanisa akaomba kuuza, akataja bei, akataja mnunuzi, akasema iuzwe upesi kabla haijachelewa. Daftari lilikuwepo.

Mzee Octave alikuja mwenyewe Alhamisi. Alipewa kiti, hakukikalia. Alisema kamati itawasikiliza Jumamosi asubuhi, mume peke yake na mke peke yake, kama desturi ya kanisa lao inavyotaka watu wa nyumba moja wanaposhitakiwa, ili mmoja asimwazime mwenzake maneno. Ikionekana piano imeuzwa, nyumba itatolewa siku hiyohiyo, na Sévère atakabidhiwa kwa vijana wenye silaha. Tangu polisi waondoke, vijana hao ndio waliokuwa wakiamua kesi za wizi. Wiki iliyopita walimwamulia muuza mafuta mmoja kando ya mto, na mpaka siku hiyo alikuwa akibebwa kupelekwa chooni. Octave aliyasema yote hayo akiangalia chini. Hakuwa mtu mbaya. Vijana wale alikuwa akiwaogopa na yeye.

Alipoondoka, Sévère alikirudisha kile kiti ukutani.

"Mama Eliane, Jumamosi sema tu kile unajua," akasema. "Usiongeze kitu."

Akarudia tena: usiongeze kitu. Claudette alilipima hilo la pili. Mtu asiye na hatia, aliwaza, angesema niokoe. Na yeye alijua nini? Mlango uliofunguliwa kwa mkono. Redio iliyoachwa. Mtu wa Kamanyola na elfu moja na mia tano yake. Akiyasema hayo matatu bila kuongeza kitu, amemuua. Alikuwa na hasira naye kiasi cha kutaka kumng'ata, lakini hasira yake haikufika kiasi cha kumpeleka baba wa watoto wake mtoni. Hapo hapo, mikono ikiwa bado kwenye maji ya vyombo, aliamua kwamba atasema kingine.

Jumamosi Sévère aliitwa wa kwanza. Claudette aliketi kwenye benchi la nje, chini ya dirisha lisilo na kioo, lakini sauti ya mumewe ilikuwa ya chini na hakuambulia neno. Kando yake alikuwa ameketi Mama Apolline, mjane wa nyumba ya pili kutoka kwao, ambaye wakati wa milio hakukimbia kwa sababu ya miguu. Alivaa kitenge chake cha Jumapili.

Claudette alimuuliza nani amemwita.

"Hakuna mutu ameniita. Nimekuya tu. Nitasema maneno mbili, narudia nyumbani."

Akasema hivyo akiangalia mikono yake. Claudette akajiuliza: Maneno mawili gani? Kwamba aliliona gari la Nkeshimana limesimama mlangoni? Kwamba alimwona Sévère akiibeba Kubwa na kuipandisha mwenyewe? Kile kisa alichokipanga tangu Alhamisi akaanza kukiongezea nguvu palepale, ili atakachosema mama huyu kisipate pa kupenya.

Akaitwa. Wazee watano walikaa nyuma ya meza ya sadaka. Sévère aliwekwa kwenye benchi la mwisho, akaonywa asifungue kinywa mpaka mkewe amalize.

"Mama, siku piano ilienda, weye ulikuwa wapi?"

"Makobola. Lakini ile siku ya pili nilirudia nyumbani kutafuta unga ya batoto."

Alikuwa na sauti ya kwaya, iliyozoea kufika mlangoni, na ilimtoka vizuri. Alisema alipokaribia nyumba aliona gari la kijani, akajificha nyuma ya choo. Aliona basoda watatu, mmoja ana kofia nyekundu. Walimwekea baba Eliane bunduki kifuani mpaka akafungua mlango. Waliitoa piano wakaipakia, na yule wa kofia nyekundu akapanda nyuma kuishikilia. Alipofika hapo akalia. Machozi hayo hayakuwa ya uongo, alikuwa nayo siku nyingi. Kule nyuma Sévère aliguna kama mtu aliyepigwa ngumi tumboni, akanyamazishwa.

Mzee Octave alivua miwani akaifuta kwa pindo la shati, polepole.

"Mama, bwana yako ametuambia ingine."

Akamwambia katibu asome. Vijana wawili, si askari. Wa mtaa. Kwa miguu. Walimwita kwa jina akafungua, kisha mmoja akatoa kisu. Waliifunga piano kwenye turubai wakaelekea upande wa mto. Majina amekataa kuyataja. Mke wake, amesema, alikuwa Makobola siku zote nne na hajui kitu.

Claudette alisikia kila neno, na kila neno lilipita likimkata. Hakugeuka. Mzee mmoja alisema hakuna haja ya kuendelea, watu hawa wamepanga uongo na hata kuupanga hawajui. Octave akamuuliza Claudette kama ana cha kuongeza. Akasema hana. Basi nyumba iwe tupu kabla ya jioni, Octave akasema, na mmoja wa wazee akatoka kwenda kuwaita wale vijana wenye silaha. Alipoambiwa atoke, Claudette alilazimika kupita kando ya benchi la mwisho. Sévère alimtazama bila hasira, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la aliyemsalimu.

Mama Apolline alikuwa ameshasimama, fimbo mkononi, anajikokota kuelekea lango. Alipomwona Claudette akamshika mkono.

"Mama Eliane, juu ya nini umesema vile?"

"Vile gani?"

"Weye hukukuya. Minye nilikuwa pa dirisha yangu siku zote. Balikuya bale bawili. Nabajua, na mama zao nabajua. Baba Eliane alibaomba bachukue radio, bachukue godoro, baache piano ya kanisa. Balikataa. Balisema piano njo iko na franga, pesa mingi, na bauzishe mbio mbele ya ile Ndogo kufika."

Hata wezi walikuwa wamesikia habari ya Ndogo. Claudette alitaka kukaa chini, lakini mama alikuwa amemshika.

"Leo nilikuya kusema. Siku tatu nilikuwa naomba Mungu anipe nguvu. Halafu nikakusikia ku dirisha. Ningeingia nikasema ile yangu, ningekufanya weye mwongo mbele ya kanisa. Nikawaza, labda anajua sababu yake. Nikanyamaza."

"Ingia sasa. Mama, tafadhali, ingia useme."

"Nikiingia vile, batasema kizee amehongwa. Anza weye."

Claudette alirudi ndani bila kuitwa. Wazee walikuwa wanakunja karatasi. Sévère alikuwa bado kwenye benchi lake. Claudette alitembea hadi mbele ya meza.

"Nimedanganya," akasema. "Sikurudia nyumbani. Nilikuwa Makobola siku zote ine. Sikuona kitu."

Mzee Octave hakukasirika. Alimtazama kama alivyokuwa akitazama noti mpya.

"Umetoka kusema basoda, sasa hakuna kitu. Nani amekufundisha hapo inje?"

"Hakuna mutu."

"Kama bwana yako alikuwa na kweli, weye ulimudanganyia nini? Mutu anadanganyiwa akiwa mubaya. Niambie hiyo tu, nitaandika."

Jibu lilikuwa moja, na Claudette aliliona mbele yake kama mtu anavyoona maji ambayo lazima ayavuke. Alielewa kwamba hilo peke yake ndilo wangeliamini, kwa sababu hakuna mwanamke ambaye angeweza kulitunga. Alielewa pia nani ameketi nyuma yake. Alitamani Octave aulize kingine chochote. Octave alisubiri, kalamu mkononi.

"Juu nilizania ameuza," akasema. "Niliona message ya Nkeshimana mu simu. Niliona radio iko, piano haiko. Siku kumi na moja nilikuwa natafuta ile franga mu nyumba. Nilitafuta mu suruali yake. Nilitafuta mu unga. Nilijua ni yee. Njo maana nilidanganya."

Octave aliandika. Aliandika polepole, kisha akamwomba arudie idadi ya siku, na Claudette akarudia. Siku kumi na moja. Kisha Octave akasema mtu akimbie amrudishe yule aliyetumwa kwa vijana, na mama aliyeko nje aingie.

Mama Apolline alisema yake akiwa amesimama, ameegemea fimbo. Ikalingana na ya Sévère hadi turubai. Majina aliyakataa na yeye, na Octave hakuyaomba mara ya pili. Kabla ya saa sita kamati ikasema Sévère hakuuza, na nyumba itabaki kwao mpaka kanisa lipate piano nyingine, iwe Kubwa au Ndogo, yoyote itakayotangulia kufika. Hakuna aliyecheka. Katibu akafunga daftari na wazee wakampa Sévère mkono mmoja mmoja, na yeye akawapa wake.

Walirudi nyumbani kwa njia ya mto. Sévère alitangulia, Claudette nyuma, kama hatua ishirini. Penye daraja la mbao alisimama akamngoja, na Claudette akashukuru moyoni, akidhani mabaya yamekwisha.

"Siku kumi na moja," Sévère akasema.

"Ndiyo."

"Unanipa chakula. Unauliza chumvi."

"Ndiyo."

"Na kama ningekuwa nimeuza kweli?"

"Ningebakia na weye," Claudette akasema haraka, na ilikuwa kweli, na hakuwa na kitu kingine cha kumpa.

Sévère alilifikiria hilo, akiangalia maji.

"Kumbe mule ndani uliishi na mwizi," akasema. "Na minye nilikuwa nazania tuko sisi bawili."

Claudette alitafuta la kumjibu. Alipolipata, mumewe alikuwa ameshavuka daraja.